Shule ya Kwanza ni Nyumba: Maneno kwa Wazazi wa Kigoma, Ujiji na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Wasomaji wetu wa Kigoma, Ujiji na vijiji vyote vilivyo kando ya Ziwa Tanganyika, leo twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa si kazi yao. Jambo lenyewe ni kumfundisha mtoto mdogo nyumbani. Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Kufundisha ni kazi ya mwalimu, yangu mimi ni kumlisha mtoto na kumvika." Neno hilo ni kweli nusu, na ile nusu isiyo kweli ndiyo iletayo hasara. Twataka kuieleza hasara hiyo, kisha tuonyeshe jinsi mzazi asiye na fedha wala vitabu vingi awezavyo kuiepuka.

Kwanza tuseme wazi, tusije tukafahamika vibaya. Hatusemi kwamba mtoto azuiwe nyumbani asiende shule. Ziko nchi, kama Marekani na Uingereza, ambako sheria humruhusu mzazi kumfundisha mwanawe nyumbani miaka yote badala ya kumpeleka shule. Kwetu si hivyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimwekea mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto aliyefikia umri na kuhakikisha anahudhuria, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, kuanzia darasa la awali hata kidato cha nne. Basi mtoto akifika umri wake, na apelekwe. Maneno yetu ni ya ile miaka mitatu minne iliyo kabla ya siku hiyo, na ya saa za jioni zilizo baada yake.

Tuwafikirie watoto wawili waingiao shule siku moja. Wa kwanza amezoea kuulizwa na kujibu; amepata kushika kitabu na kukifungua; ajua kuhesabu hata 10, na jina lake akiliona limeandikwa hulitambua. Wa pili ana akili sawasawa na mwenziwe, wala hakupungukiwa na kitu ila kimoja: hakuna mtu aliyepata kukaa naye. Kitabu hukishika juu chini. Mwalimu akisema Kiswahili, yeye ambaye kwao husemwa Kiha tu hubaki akitazama midomo yake. Darasa lina watoto wengi, na mwalimu ni mmoja. Hawezi kusimama amngojee huyu peke yake. Baada ya miezi michache wenzake wamekwisha kusoma, naye hajui. Wenzake humcheka. Naye, kwa kuwa hakuna mtu apendaye kuchekwa, huanza kutoroka: leo yuko mwaloni Kibirizi akisaidia kuanika dagaa, kesho yuko Katonga akikung'uta nyavu, kesho kutwa harudi tena darasani. Watu husema, "Mtoto huyu ni mjinga." La, si mjinga. Alichelewa kuanza, akaaibishwa, akakimbia. Hasara yenyewe ndiyo hiyo, nayo ilianza nyumbani kabla ya shule.

Huenda mtu akasema kwamba mtoto wa miaka minne au mitano ni mdogo mno, hawezi kufundishwa. Wazee wa Ujiji wanaweza kumjibu mtu huyo kuliko sisi. Tangu zamani watoto wadogo wa mji ule hupelekwa chuoni kujifunza herufi za Kiarabu, nao huzishika. Ikiwa mtoto aweza kushika alifu na be, kwa nini asiweze kushika a na b? Kitu kimoja tu yafaa aambiwe: kule husoma kutoka kuume kwenda kushoto, na huku husoma kutoka kushoto kwenda kuume. Mwambie, mwonyeshe kwa kidole, wala usiogope. Mtoto aweza kubeba yote mawili.

Basi twaanza na jambo la kwanza, nalo ni maneno. Chombo cha kwanza cha elimu si kalamu, ni ulimi wa mama na baba. Mtoto asemeshwaye sana hujua maneno mengi, na ajuaye maneno mengi hupata kusoma kwa upesi, maana akiisha kulisoma neno hulitambua kuwa ni lile alilolisikia nyumbani. Unapopika, mtajie unachofanya. Unapokamua chikichi kwa kutengeneza mawese, mweleze kwa nini twachemsha kwanza, na mafuta hutoka wapi. Muulize maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo na siyo tu: "Unadhani kwa nini mtumbwi huu hauzami?" Jibu lake likiwa la kuchekesha, usimcheke; muulize tena. Na katika lugha, semeni naye Kiha au Kibembe au lugha yoyote iliyo ya kwenu, kwa kuwa mtoto aliyejenga akili yake vizuri katika lugha ya mama huipata ya pili kwa wepesi zaidi. Lakini Kiswahili nacho kisiwe kigeni kwake. Baba na aseme naye kwa Kiswahili saa za jioni, au kaka yake aliye shuleni afanye hivyo, ili siku ya kwanza ya darasa asiwe kama mgeni aliyeshuka chomboni katika mji asioujua.

Jambo la pili ni hesabu. Hapa watu wa ziwa wana bahati kubwa, maana kazi yao yote ni hesabu. Mchuuzi wa dagaa hupima kwa kopo na sado. Muuza mawese hupima kwa chupa na dumu. Muuza migebuka hupanga mafungu. Mpe mtoto kazi ya kupanga mafungu: samaki 5 hapa, samaki 5 pale, samaki 5 pale tena. Kisha muulize, mafungu ni mangapi? Samaki wote ni wangapi? Atahesabu mmoja mmoja hata 15. Mwache ahesabu hivyo siku nyingi, mpaka siku moja ataruka mwenyewe aseme 5, 10, 15. Siku hiyo amekwisha kuvuka mlango wa kuzidisha, wala hakuna aliyemsukuma. Akikua kidogo, mpe swali la fedha: tuseme fungu ni shilingi 2,000, na mtu ametoa 5,000, arudishiwe ngapi? Mtoto wa sokoni Mwanga alijibu hilo kabla hajajua kuandika 2.

Mwezi nao ni mwalimu. Kila mtoto wa mvuvi ajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, kwa sababu mwanga wa mwezi hutapanya samaki wasikusanyike penye taa. Basi mwandikieni mtoto mstari mmoja wa mkaa ukutani kila usiku tangu mwezi mwandamo. Ataona mwenyewe kwamba mistari hufika 29 au 30, kisha mwezi huandama tena. Kwa kazi hiyo ndogo amejifunza kuhesabu, amejifunza kalenda, tena amejifunza kwa nini baba yake yuko nyumbani juma hili na hayuko juma lile.

Jambo la tatu ni herufi. Zaidi ya miaka mia iliyopita, mwaka 1907, daktari mmoja mwanamke wa Italia, jina lake Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto wale wazazi wao walikuwa kazini mchana kutwa, nao walikuwa wakizurura tu. Yeye hakuanza kwa kuwaketisha wakariri. Aliwapa vitu vya kushika na kupanga, na kazi za nyumbani kama kufagia na kumimina maji. Na herufi aliwakatia kwa karatasi ya msasa, wazipapase kwa vidole huku wakitamka sauti zake. Kidole, jicho na sikio vilijifunza pamoja, na watoto wadogo sana wakapata kuandika. Njia yake imeenea duniani kote.

Sasa sisi tulio kando ya ziwa hatuna haja ya kununua msasa. Mchanga tunao, bure. Lainisha mchanga mbichi kwa kiganja, mshike mtoto kidole, mwandike pamoja herufi a, huku mkiitamka. Wimbi likija likaifuta, mwandike tena. Mtoto hufurahi kufutiwa na ziwa kuliko kufutiwa na mtu. Usimpe herufi zote kwa pamoja. Anza na irabu 5, yaani a, e, i, o, u. Akiisha kuzijua, mwongezee m, b na t. Kwa herufi hizi 8 tu aweza kusoma na kuandika mama, baba, babu, bibi, mimi, mtoto, mti, moto, bata, tatu, ubao na boti. Hii ndiyo neema ya Kiswahili: kila herufi ina sauti yake, nayo haibadiliki ovyo kama katika Kiingereza. Mtoto aliyeshika ma, me, mi, mo, mu atajua mwenyewe jinsi ya kutamka ba, be, bi, bo, bu. Yale magumu, kama tofauti ya ng katika ngoma na ng' katika ng'ombe, yaacheni mpaka baadaye.

Tena usisahau kumwonyesha maandishi yaliyo mbele ya macho yake. Boti zina majina ubavuni. Magunia yana maandishi. Sabuni, viberiti na pakiti za chumvi vina maandishi. Mwulize, "Ni wapi hapa umeona herufi ya jina lako?" Mtoto akijua kwamba maandishi husema kitu, atataka mwenyewe kujua yasemavyo.

Jambo la nne ni vitabu. Mwaka 1658 mwalimu mmoja wa Ulaya, Comenius, alichapisha kitabu cha watoto chenye picha nyingi za vitu vya dunia pamoja na majina yake, kwa kuwa aliona mtoto hushika upesi kile akionacho. Tangu siku hizo watu wamejua kwamba kitabu cha mtoto yapasa kiwe na picha. Hapa kwetu, mradi wa vitabu vya watoto ulioanzishwa mwaka 1991 umesaidia kuchapisha vitabu vingi vya hadithi katika Kiswahili, na vingine hupatikana mashuleni. Mwenye uwezo na anunue kimoja tu kwa mwaka. Si kitu kikubwa kuliko kanga moja. Asiye na uwezo na aazime, au atumie kitabu cha kaka mtu aliye darasani, au kalenda kuukuu, au gazeti lililofungiwa bidhaa dukani.

Unapomsomea mtoto, mpakate au mketi ubavu kwa ubavu, ili nawe na yeye mwuone ukurasa mmoja. Pitisha kidole chini ya maneno. Simama katikati ya hadithi umwulize, "Sasa itakuwaje?" Akitaka hadithi ile ile mara ya kumi, msomee mara ya kumi bila kuchoka, kwa maana hapo ndipo maneno yaingiapo. Na kitabu kikikosekana kabisa, tengenezeni chenu. Chukua karatasi 4, zikunje katikati, zishone kwa uzi wa nyavu: umepata kurasa 16. Kila siku mtoto achore kitu kimoja, kuhe, mchikichi, jiko, nyanya yake. Nawe uandike jina lake chini. Hakuna kitabu mtoto akipendacho kuliko kile alichokitunga mwenyewe.

Wala tusidharau vitabu visivyoandikwa. Hadithi za sungura na fisi, na vitendawili vya jioni, ni elimu kamili. Kitendawili humfunza mtoto kufikiri kwa mfano. Aambiwapo kwamba kuna nyumba isiyo na mlango, ni lazima atazame dunia yote moyoni mwake mpaka afike kwenye yai. Bibi aliyejua hadithi 20 ana maktaba ya vitabu 20 kifuani mwake, nayo itazikwa pamoja naye kama hakuna mtoto aliyeketi kumsikiliza.

Jambo la tano ni michezo. Wazazi wengine humwona mtoto akicheza wakadhani anapoteza wakati. Mtoto mdogo hana kazi nyingine ya kujifunzia ila mchezo. Tazameni mchezo wa mdako: mtoto hurusha kijiwe juu, na kabla hakijarudi hutoa vingine shimoni na kuvirudisha kwa idadi maalumu. Hapo mkono, jicho na hesabu hufanya kazi kwa mara moja, na mkono ule ndio utakaoshika kalamu. Katika kombolela hujifunza kuhesabu, kungoja zamu na kukubali kushindwa. Na bao ndilo baba wa hesabu. Bao letu lina safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32, na kete zake ni 64. Kwa mtoto mdogo hilo ni kubwa. Basi chimba mchangani safu 2 za mashimo 4, utie vijiwe 2 katika kila shimo, umfundishe kusambaza kimoja kimoja. Baada ya siku chache ataanza kutazama mbele na kusema, "Nikianza hapa, nitaishia pale." Mtoto aliyefika hapo ameanza kupima jambo kabla ya kulitenda.

Jambo la sita ni kuijua nchi yake. Si haki mtoto wa Kigoma ajue majina ya miji ya mbali, asijue kwamba ziwa lililo mlangoni pake ndilo la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi, na kwamba kina chake ni karibu mita 1,470. Mwambieni kwamba reli kutoka Dar es Salaam ilifika kwao mwaka 1914. Kwamba meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kigoma, ikazamishwa mwaka 1916 wakati wa vita, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi. Hadithi kama hiyo ni tamu kuliko nyingi za vitabuni. Mwambieni tena juu ya Gombe, ambako mwaka 1960 Jane Goodall alikaa akitazama sokwe kwa saburi mpaka akaona sokwe akitumia jani la nyasi kuvulia mchwa katika kichuguu, jambo lililowashangaza wenye elimu duniani. Naye hakuwa na chombo kikubwa: alikuwa na macho, daftari na uvumilivu. Mtoto naye aweza kukaa robo saa kutazama siafu au ndege, kisha aeleze aliyoyaona. Lakini mafunzo yote ya ufukoni yawe mbele ya mtu mzima. Ziwa halina huruma kwa mtoto aliye peke yake, na penye mamba pasiwe mahali pa somo.

Sasa labda mtu atauliza, "Nani ana nafasi ya mambo haya yote?" Twajibu kwamba hayahitaji siku nzima. Robo saa ya maandishi kwa siku yamtosha mtoto wa miaka mitano; mengine yote hufanyika kazini na njiani. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi katika ziwa hili tangu Mei 15 hata Agosti 15 ili samaki wapate kuzaana, akina baba wengi walikuwa nyumbani miezi 3. Ilikuwa miezi ya shida, hatukatai. Lakini robo saa kwa siku katika siku 90 ni zaidi ya saa 22, na kwa saa hizo mtoto aweza kujua irabu zake na silabi nyingi. Hata katika miezi ya kazi, siku za mwezi mkubwa zipo kila mwezi.

Mwingine atasema, "Mimi mwenyewe sijui kusoma." Basi simulia, hesabu, cheza bao, uliza maswali; hayo hayahitaji kusoma. Na katika miji mingi wako wazee waliojifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970. Mtafute mmoja wao, umkabidhi mtoto nusu saa. Tena usimchague mwana wa kiume ukamwacha binti jikoni. Kopo la kupimia unga liko jikoni, na hesabu haijui mume wala mke.

Neno moja la kuonya: fimbo isiingie katika mafunzo haya. Mtoto apigwaye kwa kukosa herufi hujifunza kwamba kitabu ni maumivu, na somo hilo halisahau. Akikosea, mwonyeshe tena. Akipiga miayo au akigeuza macho, acha hata kesho. Wala usimlinganishe na wa jirani. Mmoja huzishika herufi mapema na mwingine huchelewa, kama vile michikichi iliyopandwa siku moja isivyozaa siku moja.

Kwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji twasema hivi: katika mikutano yenu ulizeni, pamoja na habari za barabara na maji, ni watoto wangapi watakaoingia shule mwakani, na wameandaliwaje. Kwa waalimu twasema: msione haya kuwaita wazazi mara moja kabla ya muhula, mkawaonyesha herufi mnazoanza nazo, na kuwaazima vitabu vya picha vilivyokaa kabatini. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kilichobaki kipya kabatini hakijafanya neno.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Jioni ya leo, kabla jua halijatua ng'ambo ya Kongo, mshikeni mtoto mkono mpaka ufukoni, mwandike naye herufi moja mchangani. Kesho mwandike ya pili.